Abiria Chunga Mzigo Wako: Namna ya Kumsemesha Msomaji Kwenye Mwongozo wa Kiufundi

Panda daladala ya zamani Dar es Salaam au matatu Mombasa, usome maandishi ya ndani. Mengi ni dua na vijembe vya mapenzi. Moja lina kazi: "Abiria chunga mzigo wako." Gari lina watu thelathini, wengine wamening'inia mlangoni, lakini aliyeandika hakusema "chungeni mizigo yenu", wala "abiria wanatakiwa kuchunga mizigo yao", wala "mizigo ichungwe". Amemtaja anayemsemesha, kisha akamwambia kana kwamba yuko peke yake garini. Na kila anayesoma hutupa jicho miguuni pake.

Siku hizi wengi tunaandika miongozo: ya programu za simu, ya mashine za kusaga, ya pampu za maji, ya mfumo mpya wa mahudhurio shuleni. Istilahi hazitushindi sana; utazitafuta kwenye kamusi au utamuuliza fundi. Kinachotushinda ni kumjua tunayemsemesha na kushikamana naye mpaka mwisho. Aya ya kwanza anaitwa "mtumiaji", ya pili "wewe", ya tatu "tunabonyeza", ya nne "fomu ijazwe". Msomaji anabaki kujiuliza humu ndani tuko wangapi. Utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoufuata, na sehemu kubwa yake nimeipata kwa kukosea.

Hatua ya 1: Amua "wewe" ni nani kabla hujaandika hata sentensi moja

Inaonekana kama jambo la wazi, mpaka kazi yenyewe iwe na watu wawili.

Niliwahi kuandikia kikundi cha mawakala wa pesa za simu karatasi ya ukurasa mmoja, ya kubandika ukutani kibandani. Kwenye sehemu ya kutoa pesa, nilinakili hatua ambazo mteja huzifuata kwenye simu yake:

"Chagua Toa Pesa. Weka namba ya wakala. Weka kiasi. Weka namba ya siri."

Wiki ya pili nikapita kibanda kimoja. Kijana aliyeajiriwa juzi alikuwa anamhudumia bibi mmoja. Akamwambia kwa adabu zote, "Bibi, nitajie namba yako ya siri niiweke." Nilipomvuta pembeni, akanionyesha karatasi yangu ukutani. Imeandikwa weka. Naye anaweka. Kijana hakuwa mwizi, alikuwa mtiifu, na aliyempotosha ni mimi.

Ukiitazama kazi yenyewe utaona kosa lilipoanzia. Mteja anapoweka pesa, muamala huanzia kwenye simu ya wakala, na namba ya siri inayotumika ni ya wakala. Mteja anapotoa, muamala huanzia kwenye simu ya mteja, na namba ya siri ni ya mteja. Kitenzi ni "weka" kotekote. Karatasi yangu ilibadilisha "wewe" katikati ya ukurasa bila kumwambia mtu. Nilipoiandika upya ikawa hivi:

"Mteja anapotoa pesa, kazi yote hufanyika kwenye simu yake. Mtajie namba yako ya wakala. Yeye ataweka kiasi na namba yake ya siri. Usiiulize namba hiyo, wala usiishike simu yake. Subiri ujumbe uingie kwenye simu yako. Hakiki jina na kiasi, ndipo umhesabie fedha."

Imekuwa ndefu zaidi. Lakini sasa "wewe" ni wakala tangu mwanzo, mteja ni "yeye", na kila namba ya siri ina mwenyewe.

Kwa hiyo, juu kabisa ya rasimu, andika mstari mmoja utakaoufuta baadaye: Wewe ni wakala. Yeye ni mteja. Sisi ni kampuni. Ukifika mahali mstari huo unakubana, usiuvunje kimyakimya. Ama ligeuze neno, ama gawa karatasi mbili, moja ya wakala na nyingine ya mteja.

Hapa pia ndipo "mtumiaji" anapopata nafasi yake halali. Ukiwaandikia wasanidi wa programu, "wewe" ni msanidi, na mtu atakayeishika simu ni mtu wa tatu: "Mtumiaji akigusa Tuma mara mbili, programu yako ipeleke ombi moja tu." Hapo neno linatenganisha watu wawili. Lakini ukimwandikia mwenye simu mwenyewe kwamba "mtumiaji anapaswa kuchaji betri kwa saa 4", ni sawa na kumsimulia mgeni wako habari za mgeni ilhali amekaa mbele yako.

Hatua ya 2: Chagua umbo la kitenzi, na usiogope amri

Hatua moja tu, tazama inavyoweza kuandikwa:

Bonyeza kitufe chekundu.
Ubonyeze kitufe chekundu.
Bonyezeni kitufe chekundu.
Kitufe chekundu kibonyezwe.
Mtumiaji anatakiwa kubonyeza kitufe chekundu.

Mtafsiri anayetoka kwenye Kiingereza hakabiliwi na swali hili hadi afike kwetu, kwa sababu "you" ya Kiingereza ni ya mmoja na ni ya wengi. Anayeandika Kifaransa au Kijerumani ana swali jingine: amwite msomaji kwa umbo la kuzoeana au la heshima. Sisi kitenzi chetu kinauliza idadi tu, u- au m-. Heshima yetu haikai kwenye kitenzi. Inakaa kwenye mzee, mama, bwana, ndugu, shikamoo, na kwenye namna unavyosubiri ujibiwe. Mjukuu anamwambia babu "Babu, kaa hapa" na hakuna anayeshtuka, kwa sababu heshima imeshatangulia na neno babu.

Ndiyo maana nasema amri tupu, "bonyeza", ndiyo umbo la mwongozo. Msomaji amekuja mwenyewe kuuliza njia. Ukimwelekeza mtu stendi humwambii "ingekuwa vyema ukakata kushoto". Unamwambia "kata kushoto, ukifika kwenye mnazi shuka". Chupa za dawa zinatuambia "Tikisa kabla ya kutumia" miaka yote, na sijamsikia mzee aliyelalamika kuwa chupa imemkosea adabu.

"Ubonyeze" si kosa, na lina mahali pake: linakuja baada ya kitenzi kingine. "Nenda kwenye Mipangilio ukazime data." "Subiri taa iwake, ndipo ubonyeze." Likisimama peke yake mwanzoni mwa kila hatua, lina sauti ya mama anayekuachia maagizo ya nyumba akiwa mlangoni: ufagie, uoshe vyombo, umpe mtoto uji. Kwa nyumbani ni tamu, kwa jenereta linachosha.

Kumbuka pia kwamba katazo halina amri tupu. Ni "usibonyeze" tu, umbo lilelile la "ubonyeze" likiwa na -si-. Basi usisumbuke mhariri akikuambia maumbo yako hayalingani kwa kuwa hatua zinasema "fungua" na maonyo yanasema "usifungue". Sarufi yetu ndiyo ilivyo. Cha kusumbukia ni mpangilio. Onyo litangulie tendo. Ukiandika "Fungua kifuniko. Usifungue kabla ya kuchomoa waya kwenye umeme," mtu wa mikono miepesi ameshafungua. Andika: "Chomoa waya kwenye umeme. Ndipo ufungue kifuniko."

Kauli ya kutendwa, "kibonyezwe", ni Kiswahili cha ofisi. Kwenye fomu inafaa sana, kwa sababu fomu hupita mikono mingi na kila sehemu hutaja mwenyewe: "Sehemu hii ijazwe na mwombaji." Siri yake ni hiyo "na". Ikikosekana, tendo linabaki yatima. "Valvu ifungwe kila jioni." Ifungwe na nani? Mlinzi anadhani ni fundi, fundi anadhani ni mlinzi, asubuhi tangi ni tupu.

Halafu lipo "tafadhali". Nalipenda neno hili, ndiyo maana sitaki lichakae. Kwenye menyu za zile namba za nyota na reli, kama *150*00# ya M-Pesa Tanzania, skrini moja hubeba herufi zisizozidi 182, nafasi zikiwemo. "Tafadhali" na nafasi yake ni 10. Ukiliweka kwenye mistari mitano umekula zaidi ya robo ya skrini, na hujasema kitu. Mimi nalibakiza kwa nyakati mbili: ninapomwomba msomaji jambo lenye faida kwangu kuliko kwake, kama kujibu maswali kuhusu huduma, na pale mashine inapompotezea muda, "Tafadhali subiri". Penginepo nalifuta.

Hatua ya 3: Jua nani anasema, hasa kwenye vitufe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pagumu na ndipo wengi tunapopita mbio.

Tazama menyu ya simu yako. Kuna "Tuma Pesa", na baada ya hatua mbili kuna "Weka namba ya siri". Zote ni amri, umbo ni moja. Lakini anayeamrisha si mmoja. Kwenye "Tuma Pesa" wewe ndiye unayeiamrisha simu: tuma. Kwenye "Weka namba ya siri" simu inakuamrisha wewe: weka. Kiswahili hakina alama ya kuzitenganisha. Watu hawapotei kwa sababu wamezoea: cha kuguswa ni sauti yao, cha kusomwa ni sauti ya mashine. Kazi yako ni kutouvuruga mpaka huo.

Unavurugika kirahisi. Programu inauliza, "Una uhakika unataka kughairi oda?" Chini kuna vitufe viwili: "Ghairi" na "Sawa". Ghairi nini? Oda, au huko kughairi kwenyewe? Na "Sawa" ni sawa ighairiwe au sawa iendelee? Nimemwona mtu mzima, mwenye duka lake, akikizungusha kidole juu ya vitufe hivi kama anayechagua kati ya mashimo mawili. Dawa yake ni kuandika kitufe kama jibu kamili litokalo kinywani mwa anayegusa: "Ndiyo, ghairi oda" na "Hapana, iache".

Kwa jambo linalomfunga mtu kisheria nakwenda mbali zaidi, naandika nafsi ya kwanza. Chini ya masharti ya mkopo, kitufe cha "Kubali" kinasomeka kama mkopeshaji anayekushika bega: kubali bwana, kubali. "Nakubali masharti" ni neno la mkopaji mwenyewe. Tofauti ni silabi moja tu mwanzoni, lakini mtu husita kidogo anaposoma "na-", na kwa mkopo nataka asite.

Ukishaweka sauti ya msomaji kwenye vitufe, mwongozo unaovielezea unapata shida yake. Shangazi yangu yuko Tanga, mimi niko Dar. Alitaka kujua salio kwenye programu ya benki yake, akanipigia.

"Shangazi, shikamoo. Fungua Akaunti Yangu."

"Marahaba. Nitaifunguaje yako, mwanangu? Mimi nataka yangu."

"Hapana shangazi, ndivyo palivyoandikwa. Akaunti Yangu."

"Yako?"

"Yako."

"Hapa hapana Akaunti Yako."

Tulicheka, lakini ilichukua dakika tano. Aliyetunga menyu aliweka "yangu" kwa sauti ya mteja, jambo linalokubalika. Mimi nikaisoma kwa sauti yangu mimi. Kwenye maandishi msomaji wako hawezi kukuuliza kama shangazi, kwa hiyo lisemwalo na kitufe lifunge ndani ya alama za mtajo au herufi nzito, na kabla yake utaje ni kitu gani: "Gusa kitufe kilichoandikwa 'Akaunti Yangu'." Kama menyu unaitunga wewe mwenyewe, ondoa umiliki kabisa. "Akaunti" inatosha. Ni simu yake, ni nani mwingine atakuwa na akaunti humo?

Anayetafsiri ana adha ya ziada. Kila aliyewahi kufanya kazi hiyo, tangu enzi za Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili zilizotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, anaijua ile orodha ya maneno makavu isiyokuwa na picha ya skrini. Kiingereza "open" ni kitenzi na ni sifa pia. Ukiandika "Fungua" mahali ambapo programu ilitaka kusema duka liko wazi, umemwamrisha mteja afungue duka la mtu. Usikisie. Omba picha ya skrini, au omba uipate programu yenyewe uiguse. Aliyekupa kazi akikataa kukupa vyote viwili, mwandikie mapema kwamba kutakuwa na makosa, ili yakitokea muwe mmeshakubaliana.

Hatua ya 4: Palipoharibika, mwondoe msomaji

Kote huko nimesema msemeshe msomaji moja kwa moja. Kwenye ujumbe wa hitilafu nageuza.

"Umekosea namba ya siri." "Umeshindwa kutuma pesa." "Hujajaza fomu vizuri." Soma kwa sauti uone inavyopiga. Mzee wa miaka 70 aliyesimama kwenye jua, foleni nyuma yake, anaambiwa na simu kwamba ameshindwa. Mara nyingi si yeye aliyeshindwa hata kidogo, ni mtandao. Heshima niliyosema haikai kwenye amri, hapa ndipo inapokaa.

Kitaje kitu kilichoharibika, si mtu: "Namba ya siri si sahihi. Jaribu tena. Zimebaki nafasi 2." "Pesa hazijatumwa. Salio lako halijapungua." Ona kwamba msomaji anarudi mara moja kwa "jaribu" na "lako", kwenye msaada na kwenye mali yake. Ameondolewa pale tu palipokuwa na lawama. Na hiyo sentensi ya salio ndiyo ambayo mtu anaitafuta kwa macho kabla ya nyingine zote, kwa hiyo iwepo, mradi ni kweli.

Hatua ya 5: "Sisi" iwe na mwenyewe

Kiambishi tu- hakisemi kama msomaji yumo au hayumo. "Tutatuma ujumbe wa uthibitisho." Mwalimu darasani angemaanisha mimi nanyi. Kampuni inamaanisha sisi bila wewe. Nimeona watu wakikaa kusubiri waonyeshwe wapi pa kuutuma ujumbe huo. Liache "sisi" kwa ahadi na wajibu wa kampuni: "Hatutakupigia simu kukuuliza namba yako ya siri." Hapo linapendeza, kwa sababu kuna wa kushikwa shati ahadi ikivunjwa. Lile la ualimu, "sasa tubonyeze hapa, tukimaliza tunafungua", liache kwenye video.

Hatua ya 6: Wakiwa wawili kweli, sema wawili

Ipo kazi isiyofanywa na mtu mmoja, kama kuinua pampu kisimani. Kuweka -ni, "shikeni bomba, fungueni nati", hakusaidii, maana wote wawili watashika na hakuna atakayefungua. Gawa: "Mmoja ashike bomba. Mwingine afungue nati ya juu." Kama mmoja ndiye mwenye karatasi mkononi, mwite "wewe" na mwenzake "mwenzako": "Mwambie mwenzako ashike bomba. Usifungue nati kabla hajasema tayari." Nimeona hii ya pili ikifanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa kazi za namna hii huwa na msimamizi hata kama hakuna aliyemteua.

Kuikagua rasimu

Nina ukaguzi wa aina mbili.

Wa kwanza ni wa kompyuta. Tafuta neno "mtumiaji" kwenye faili zima, na kila linapotokea ujiulize kama ni mtu mwingine kweli au ni msomaji uliyemficha. Tafuta "tafadhali". Tafuta "tuna" na "tuta". Tafuta "yangu" na "yako" uone kama kuna moja iliyohamia kinywa kisicho chake. Maumbo ya kutendwa hayatafutiki kirahisi namna hiyo. Yasome kwa macho, na kwa kila moja ulipe jina la mtendaji. Ukikosa jina, umepata kosa.

Wa pili ni wa simu. Mpigie mtu ambaye hajawahi kuiona kazi hiyo, awe na mashine au programu mbele yake, umsomee mwongozo neno kwa neno bila kuongeza lako. Usimsaidie. Kila akiuliza "mimi?", "ya nani?" au "nibonyeze mimi au yeye?", weka alama pembeni ya mstari uliokuwa unausoma. Shangazi ameniharibia rasimu tatu kwa njia hii. Ya mwisho, ya mita ya umeme, aliisikiliza yote mpaka hatua ya tisa, kisha akauliza kama ile "weka tarakimu 20" ni yeye aziweke au mita itajiwekea. Nikaongeza "kwa vitufe vya mita".